Mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wa kigeni Ifakara

Mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wa kigeni Ifakara ni mafunzo ambayo wanafunzi wa vyuo kutoka nje ya Tanzania, hasa wa udaktari, uuguzi, baiolojia na afya ya jamii, huyafanya katika mji wa Ifakara, mkoa wa Morogoro. Huchukua wiki chache au miezi kadhaa, na hufanyika hospitalini, maabarani au katika vijiji vya bonde la Kilombero. Nchini Tanzania mafunzo ya namna hii huitwa kwa kawaida "fildi", na mwanafunzi aliyeyaanza husemwa kuwa "yuko fildi", awe ametoka Dodoma au Ujerumani.

Ifakara ni mji wa wastani wenye soko la mchele na samaki, stendi, bodaboda, bajaji na baiskeli nyingi. Hata hivyo jina lake limezoeleka katika vitivo vya tiba vya Ulaya kuliko majina ya miji mingi mikubwa ya Tanzania. Sababu ni mbu wa malaria, pamoja na taasisi zilizojengwa hapo ili kumchunguza.

Mahali

Ifakara iko kama kilomita 420 kutoka Dar es Salaam. Upande mmoja wa bonde kuna milima ya Udzungwa, ambayo sehemu yake ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1992. Upande wa pili kuna nyanda za juu za Mahenge. Katikati mto Kilombero hutambaa katika tambarare pana ambayo hufurika wakati wa masika, kisha maji yake huungana na ya mto Luwegu na kufanya mto Rufiji. Mwaka 2002 eneo oevu la bonde liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar. Liliwahi kuwa makao makuu ya swala aitwaye sheshe.

Wenyeji wa bonde ni Wandamba, Wambunga, Wapogoro, Wabena na wengine, na katika miongo ya karibuni wamehamia pia wafugaji wa Kisukuma na wengineo. Zao kuu ni mpunga. Wakati wa kilimo familia nyingi huacha nyumba zao kijijini na kuishi miezi kadhaa katika vibanda vya shambani, mbali na zahanati na katikati ya maji yanayozalisha mbu. Mwanafunzi anayepangiwa kutembelea kaya asishangae akikuta mlango umefungwa mwezi wa tatu: wenye nyumba hawajahama, wako shamba.

Ukali wa malaria ya bonde hili uliwahi kuwa miongoni mwa uliopimwa kuwa mkubwa zaidi duniani. Katika kijiji cha Namawala, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikadiriwa kuwa mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka, yaani karibu kila usiku. Leo hali imepungua sana, ingawa ugonjwa haujaisha. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kuwa mbu aina ya Anopheles funestus, ambaye si wengi kama jamaa yake Anopheles arabiensis, ndiye anayeambukiza watu kwa sehemu kubwa.

Historia

Kabla ya wanafunzi walifika wamisionari. Mapadre Wakapuchini na masista wa Baldegg kutoka Uswisi walianza kutibu watu Ifakara katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na huduma yao ikakua kuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Miongoni mwa madaktari wake wa mwanzo alikuwa Mwaustria Karl Schöpf.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 alifika Rudolf Geigy (1902–1995), mtaalamu wa zuolojia kutoka Basel ambaye mwaka 1943 alikuwa ameanzisha Taasisi ya Tropiki ya Uswisi. Geigy alitafuta mahali ambapo magonjwa, wadudu wanaoyaeneza na wagonjwa wenyewe vinapatikana pamoja, na ambapo mgeni angepata chumba cha kulala. Misheni ya Ifakara ilikuwa na vyote. Mwaka 1957 maabara ndogo ya taasisi hiyo ilifunguliwa karibu na hospitali, na kwa miaka mingi watafiti vijana wa Uswisi walipokezana hapo: mmoja akichunguza papasi, mwingine mbung'o, mwingine nyoka au mimea ya dawa. Baadhi yao walikuja kuwa viongozi wa taasisi mama. Marcel Tanner, kwa mfano, aliongoza maabara ya Ifakara katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, kisha akawa mkurugenzi huko Basel kuanzia 1997 hadi 2015.

Katika kipindi hicho Ifakara ilikuwa darasa la Basel. Sampuli zilikusanywa bondeni, majibu yakaandikwa Ulaya, na mara nyingi kwa Kijerumani. Haingekuwa haki, hata hivyo, kuishia hapo. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, kilifunguliwa kando ya maabara kituo cha kufundishia wasaidizi wa tiba wa Kitanganyika, kwa msaada wa mfuko ulioanzishwa Basel. Nchi ilikuwa na madaktari wachache mno, na wasaidizi hao ndio waliobeba zahanati na vituo vya afya vijijini. Kituo hicho kimebadilisha jina mara kadhaa. Sasa kinafundisha matabibu wa Tanzania na pia hupokea kozi za kimataifa, ambamo Mzungu na Mtanzania hukaa dawati moja.

Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1990. Mwaka 1991 maabara ilifungamanishwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na ikaanza kuongozwa na Watanzania. Mwaka 1996 ikawa asasi ya udhamini ya Kitanzania. Na tangu 2008 inajulikana kama Taasisi ya Afya Ifakara. Kazi zilizoipa sifa ni za kipindi hicho. Katika kijiji cha Idete ilijaribiwa chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66, na matokeo yake, yaliyotolewa 1994, yalionyesha kinga ya takriban asilimia 31 kwa watoto. Baadaye majaribio ya mahali pengine hayakuithibitisha. Mradi wa KINET, ulioanza 1996 katika wilaya za Kilombero na Ulanga, uliuza vyandarua vyenye dawa kwa jina la "Zuia Mbu" na kuonyesha kwamba vinaokoa maisha ya watoto hata vinaposambazwa kwa njia za kawaida za biashara. Mwaka huohuo ulianza uandikishaji wa kaya katika vijiji 25, ambako kila uzazi, kifo na kuhama vilirekodiwa. Wanafunzi wengi wa shahada za juu, wa ndani na wa nje, wameandika tasnifu zao kwa takwimu hizo bila kulazimika kuhesabu nyumba upya.

Safari

Mgeni hushukia Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Njia ya kawaida ni basi kutoka Kituo cha Magufuli, Mbezi. Tangu katikati ya 2024 inawezekana pia kupanda treni ya umeme ya SGR hadi Morogoro, kisha basi. Barabara kuu hukatiza Hifadhi ya Mikumi, ambako madereva hulazimika kupunguza mwendo kwa sababu ya tembo, twiga na nyati wanaovuka, na kugonga mnyama kuna faini inayotofautiana kwa kila aina ya mnyama. Mikumi mjini gari huacha barabara ya Iringa na kuelekea kusini: Kidatu na mashamba yake ya miwa, daraja la Ruaha Mkuu, Mang'ula chini ya msitu wa Udzungwa, Kiberege, na hatimaye Kibaoni, mlango wa Ifakara.

Kipande cha Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, kwa miaka mingi kilikuwa mtihani wa kwanza wa mwanafunzi. Kiangazi kilikuwa vumbi tupu na masika tope, na basi lililokwama lilisukumwa na abiria wenyewe, mgeni naye akiwemo. Sasa kina lami. Vilevile Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa 2018, limeondoa kivuko cha mto Kilombero kwa wanaokwenda Mahenge na Malinyi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970 na yenye kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina stesheni Ifakara. Ni safari nzuri kwa mtu asiye na haraka. Ratiba yake haifai kwa mwenye miadi.

Anayefika kati ya Machi na Mei akumbuke kwamba mafuriko hayaishii mashambani. Mto Lumemo unaopita kando ya mji nao humwaga maji mitaani katika miaka ya mvua nyingi.

Vibali

Visa ya utalii hairuhusu mafunzo wala kazi hospitalini. Mwanafunzi wa kigeni huhitaji kibali cha ukaazi, ambacho kwa wanafunzi, watafiti na watu wa kujitolea ni cha Daraja C, na taasisi mwenyeji ndiyo inayopaswa kumwombea au kumwandikia barua. Kama atafanya utafiti, huhitaji pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH); na kama utafiti unahusu wagonjwa au damu ya watu, lazima upite kamati ya maadili, ya taasisi na ya NIMR.

Hatua hizi huchukua miezi. Mwanafunzi mwenye wiki nane za likizo anayetaka "kukusanya data kidogo" kwa kawaida hawezi kuzimaliza, na hapo vishawishi vya njia za mkato huanza. Ushauri unaotolewa na wasimamizi wengi ni mmoja: mwenye muda mfupi ajifunze tu, au asaidie katika utafiti ambao tayari una kibali, na jina lake liongezwe humo kihalali.

Baada ya hapo kuna ngazi ambayo wageni huidharau kwa sababu haina ada. Kabla ya kuingia kijijini mtafiti hupita kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wake. Anajitambulisha, anaeleza kilichomleta, anasaini kitabu cha wageni. Mwenyekiti akimkataa, karatasi ya Dar es Salaam haitamfungulia mlango hata wa nyumba moja.

Lugha

Maabarani Kiingereza kinatosha. Wodini na kijijini hakitoshi, na mwanafunzi asiyejua Kiswahili hutegemea muuguzi amtafsirie, maana yake kazi ya watu wawili hufanywa kwa muda wa muuguzi mmoja. Kwa hiyo wenyeji huthamini sana mgeni aliyejifunza lugha hata miezi miwili kabla ya safari.

Salamu ndiyo mlango. Mzee huamkiwa "shikamoo", naye huitikia "marahaba". Wagonjwa watu wazima huitwa mama, baba, bibi au babu, wala si kwa majina yao matupu yaliyoandikwa kwenye faili. Kijana wa kigeni anayemwambia babu "mambo?" husamehewa na watu hucheka, lakini anapunguza heshima atakayohitaji dakika tano baadaye anapomwomba babu avue shati. "Jambo" pekee ni salamu ya hotelini.

Maneno ya ugonjwa yana mitego yake. "Presha" ni shinikizo la damu na "sukari" ni kisukari. "Homa" yaweza kuwa joto la mwili, malaria, au kujisikia vibaya tu. "Degedege", mtukutiko wa mtoto mwenye homa kali, ndilo neno lililochunguzwa zaidi katika eneo hili: tafiti zimeonyesha kuwa wazazi wengi hawakuliona kuwa malaria bali ugonjwa wa peke yake, wenye asili ya mashetani na wa kutibiwa kwanza kienyeji. Mwanafunzi akiuliza, "Mtoto ana malaria?" mama anaweza kujibu "hapana" kwa moyo mweupe, huku mtoto akiwa katika hatari kubwa.

Mtego mkubwa kuliko yote ni saa. Kwa Kiswahili saa moja asubuhi ndiyo saa ambayo mgeni huiita saba. Dawa ya mseto ya malaria, inayotumika Tanzania kama tiba ya kwanza tangu mwishoni mwa 2006, hunywewa dozi ya pili baada ya saa nane kutoka ile ya kwanza. Mgeni anayesema "kunywa tena saa nane" badala ya "baada ya saa nane" amemwagiza mgonjwa anywe saa nane mchana, au saa nane usiku. Ndiyo sababu wauguzi wazoefu humtaka mgonjwa au mzazi arudie maelekezo kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kuondoka dirishani.

Mipaka ya mwanafunzi

Aliyevaa koti jeupe huitwa daktari. Mgonjwa aliyesafiri kwa baiskeli kutoka kijijini hawezi kujua kuwa kijana anayemshika tumbo yuko mwaka wa tatu na kwao haruhusiwi hata kushona jeraha bila msimamizi. Humo ndimo penye hatari ya mafunzo haya, na si Ifakara peke yake: mahali penye wagonjwa wengi na madaktari wachache, mwanafunzi anaweza kujikuta akiachiwa au akijiachia kazi iliyo juu ya uwezo wake, kisha akarudi kwao na kuisimulia kama ujasiri.

Mwaka 2010 kikundi cha wataalamu wa nchi mbalimbali kilitoa miongozo ya maadili ya mafunzo ya afya ya kimataifa. Mmoja wa walioongoza kazi hiyo, John Crump, alikuwa na uzoefu wa miaka mingi mjini Moshi. Miongozo hiyo inawataka wanafunzi wajitambulishe wazi kama wanafunzi, wasivuke kiwango chao cha mafunzo, waombe ridhaa kabla ya kupiga picha, na taasisi zinazowatuma zifidie gharama za mwenyeji. Kanuni iliyo rahisi kukumbuka ni hii: usilolifanya kwenu, usilifanye hapa. Sentensi ya kwanza ya Kiswahili ambayo mwanafunzi wa udaktari anapaswa kuijua, baada ya salamu, ni "mimi bado ni mwanafunzi".

Katika utafiti ridhaa ina uzito wa pekee kwa sababu ya damu. Hadithi za mumiani, watu wanaodaiwa kuwanyonya wenzao damu ili kuiuza, zimekuwapo Afrika Mashariki tangu enzi ya ukoloni, na mgeni mwenye sindano na chupa ndogo huzifufua bila kujua. Fomu ya ridhaa husomwa kwa sauti mbele ya asiyejua kusoma, naye huweka dole gumba akishuhudiwa. Anaweza pia kukataa, na akikataa haulizwi mara ya tatu. Hata ukamataji wa mbu una suala hili: njia ya zamani ni mtu kukaa usiku miguu wazi na kuwanyonya mbu kwa mrija kabla hawajauma. Sehemu ya majibu imekuwa "Jiji la Mbu" la taasisi, katika kijiji cha Kining'ina, ambako mbu wasio na vimelea hufugwa ndani ya mabanda makubwa ya wavu yenye nyumba na mimea, na mwanafunzi hujifunza humo bila kumhatarisha mtu.

Waliokuja kuona malaria tu huenda wakashangaa. Mwaka 2004 ilianzishwa hospitalini kliniki ya magonjwa sugu iliyofuata maelfu ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na siku hizi presha, sukari na mifupa iliyovunjika katika ajali za bodaboda ni masomo ya kila siku.

Safari ya upande wa pili

Watanzania nao walisafiri kwenda Basel. Andrew Kitua, Mtanzania wa kwanza kuongoza kituo cha Ifakara, na Hassan Mshinda aliyemfuata, wote walipata udaktari wao wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Basel. Kitua baadaye aliongoza NIMR na Mshinda akaongoza COSTECH, ofisi zilezile zinazotoa vibali vilivyotajwa hapo juu. Wengine walifika Ifakara kutoka nchi jirani. Fredros Okumu, mzaliwa wa Kenya, alikuja akiwa mtafiti kijana, akapata udaktari wa falsafa London mwaka 2012 na kuwa mkurugenzi wa sayansi wa taasisi.

Basel ni mji wa mto Rhine, pale mipaka ya Uswisi, Ujerumani na Ufaransa inapokutana. Taasisi ya huko ilihamia jengo jipya Allschwil, jirani na mji, mwaka 2022. Mtanzania anayekwenda hukutana na mambo yaleyale yaliyompata Mswisi bondeni, yakiwa yamegeuzwa: maabarani Kiingereza kinatosha, dukani na kwenye tramu husikika Kijerumani cha Basel ambacho hata aliyejifunza Kijerumani cha vitabuni hukifuata kwa taabu, basi huondoka kwa dakika, jirani hasalimiwi kwa kirefu.

Usawa, hata hivyo, haupo. Mwanafunzi wa Ulaya aghalabu hujilipia tiketi na malazi, na vyuo vyao humhesabia miezi hiyo katika masomo. Ujerumani, kwa mfano, kila mwanafunzi wa udaktari hutakiwa kufanya miezi minne ya vitendo na sehemu yake yaweza kufanyika ng'ambo. Mwanafunzi wa Kitanzania wa shahada ya kwanza hana mpango kama huo, na visa humtaka aonyeshe fedha ambazo familia ya mkulima wa mpunga haina. Wanaovuka kwa kawaida ni wa shahada za juu wenye ufadhili.

Tangu 2010 Ifakara ina chuo kikuu kishiriki cha tiba, cha Mtakatifu Fransisko, na wanafunzi wake hufanya mazoezi katika wodi zilezile. Swali la zamu limekuwa la kila siku: mgonjwa mmoja mwenye bandama kubwa anaweza kuvumilia kupapaswa na wanafunzi wachache tu kwa asubuhi moja. Wasimamizi wengi huanza na wanafunzi wa Kitanzania, kwa kuwa ndio watakaobaki kuwatibu watu wa bonde, na mgeni husubiri nyuma akiwa na daftari lake, akisikiliza mazungumzo kwa Kiswahili alichonacho.